Neno "ondoa" lilivyomtoa mtoto darasani

Jumapili moja asubuhi, mwezi wa Januari, katika shule moja ya binafsi hapa Maskati, mtoto wa kike wa miaka 8 aliingia darasani kwake kama kawaida. Akaweka mkoba, akakaa. Mwalimu akaita majina kutoka kwenye tableti yake mpaka akamaliza. Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi hujaniita." Mwalimu akatazama tena. Jina halimo. Akampeleka ofisini, na karani akasema, bila ubaya wowote, kwamba kompyuta inaonesha mtoto huyu ameshahama shule tangu Alkhamisi.

Mtoto akauliza: "Kwani nimefukuzwa?"

Hakufukuzwa, wala wazazi wake hawakumhamisha. Kilichotokea ni kwamba Alkhamisi mchana mama yake alituma ujumbe shuleni, kwa Kiswahili, kama tunavyoandikiana sote: "Assalaam aleikum. Naomba mumuondoe mwanangu kwenye orodha ya basi kuanzia wiki ijayo, baba yake atakuwa anamleta mwenyewe. Shukran." Ujumbe ule haukusomwa na mtu. Ulisomwa na wakala wa akili mnemba, ambaye shule imemweka kupokea maombi madogo madogo ya wazazi. Akaushughulikia kwa sekunde chache, akajibu kwa adabu kwamba ombi limetekelezwa. Ila mtoto alimuondoa kwenye orodha siyo.

Kisa hiki nakijua kwa sababu anayeshughulikia kompyuta za shule hiyo ni mtoto wa dada yangu, na mimi nilikuwa nimefikia kwao kukimbia joto la nyumbani. Siku ile alirudi kazini uso umemshuka. "Shikamoo mjomba," akasema, akakaa hata viatu hajavua. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kompyuta haikukosea, mjomba. Ilifanya kama nilivyoiandikia mimi."

Wakala anaona nini

Wengi wetu tumeshazoea ile akili mnemba ya kuuliza ikajibu. Unaandika swali, inakupa jibu, basi. Wakala amepiga hatua mbele ya hapo. Yeye hajibu tu, anatenda. Unamwambia jambo kwa maneno ya kawaida, naye anaingia kwenye programu ya shule na kulifanya: kutafuta jina la mwanafunzi, kutazama ada iliyobaki, kuandika ruhusa ya kutoka mapema, kutuma ujumbe kwa wazazi wa darasa zima.

Kila moja ya kazi hizo hufanywa na kitu kinachoitwa zana. Zana ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Fundi ndiye anayezitengeneza, na wakala huchagua ipi atumie. Na hapa ndipo pana jambo ambalo mimi sikulijua mpaka siku ile: wakala haoni ndani ya zana. Hajui ilivyotengenezwa wala itakachogusa. Anachopewa kuhusu kila zana ni vitu vitatu tu: jina lake, maelezo yake yaliyoandikwa na binadamu, na nafasi za kujaza, kama fomu. Akisoma hayo pamoja na ujumbe wa mzazi, anaamua.

Utaratibu huu si wa shule hiyo peke yake. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwafungulia watengenezaji wa programu njia ya kuieleza modeli kazi za nje inazoweza kuziita. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa kanuni ya wazi inayoitwa Model Context Protocol, ili programu za watu mbalimbali ziweze kuwatambulishia mawakala zana zao kwa namna moja. Kote humo msingi ni ule ule: jina, maelezo, nafasi za kujaza.

Mfikirie karani mgeni. Ameajiriwa leo, ana akili nyingi, anajua lugha zote, lakini hajawahi kuingia shule yenu. Mbele yake kuna mihuri 20, na kila mmoja una kikaratasi kimegundishwa kinachosema kazi yake. Hana wa kumuuliza. Mzazi yuko dirishani anasubiri. Atapiga muhuri gani? Atapiga ule ambao maneno ya kikaratasi chake yanafanana zaidi na maneno ya mzazi.

Ndivyo ilivyokuwa. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili. Zana ya kwanza iliitwa ondoa_mwanafunzi, na maelezo yake yalikuwa: "Huondoa mwanafunzi kwenye orodha." Zana ya pili iliitwa usafiri, na maelezo yake: "Hushughulikia mambo ya usafiri." Mama kasema "mumuondoe", kasema "orodha". Wakala akaenda kwenye muhuri wenye "ondoa" na "orodha". Nani atamlaumu?

Orodha iliyokusudiwa na fundi ilikuwa rejista ya shule nzima. Yeye aliijua, kwa hiyo hakuona haja ya kuitaja. Na zana ile ilikuwa na mkia: ikimuondoa mwanafunzi, nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, na mzazi wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri anaandikiwa. Akaandikiwa. Ijumaa usiku baba wa mtoto mwengine, aliyesubiri tangu mwezi wa Septemba, alikuwa ameshalipa. Kwa hiyo Jumapili asubuhi palikuwa na kiti kimoja na familia mbili, na zote mbili zina haki.

Shule iliongeza kiti, Alhamdulillah, na wote wawili wakasoma. Lakini mama wa yule msichana alikaa ofisini saa nzima akiulizwa kama ana hakika hakuandika kwamba anamhamisha mtoto. Ilibidi atoe simu yake aoneshe ujumbe.

Mtihani wangu wa zamani

Usiku ule, baada ya kula, mpwa wangu alifungua kompyuta mezani akanionesha zana zote. Zilikuwa 23. Maelezo ya nyingi hayakuzidi maneno matano. Nilipozisoma nilicheka, naye akaudhika kidogo, akadhani namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Mimi nimesomesha sekondari ya misheni kwa miaka mingi, Mwarabu na Mwislamu kati ya mapadri. Mwaka wangu wa kwanza nilitunga mtihani wa muhula wenye sehemu A, B na C. Juu yake nikaandika: "Jibu maswali matatu katika sehemu B na C." Mimi nilikusudia matatu kwa jumla. Nusu ya darasa wakajibu matatu. Nusu nyingine wakajibu matatu ya B na matatu ya C, sita, muda ukawaishia, wakaacha sehemu A ambayo ndiyo yenye alama nyingi. Miongoni mwao walikuwemo watoto hodari kabisa. Sikuweza kuwapa alama za walichokijua, kwa sababu hawakukiandika. Wala sikuweza kusema wamekosea, kwa sababu hawakukosea.

Mkuu wa shule, padri mmoja mzee, hakunigombeza. Alinifundisha ada yake: kabla ya mtihani kuchapwa, karatasi hupewa mwalimu wa somo jengine, asiyejua chochote kuhusu somo lile, aambiwe asome maagizo tu na aeleze atafanya nini. Akifanya tofauti na ulivyokusudia, kosa ni la karatasi. Tangu siku hiyo sikuwahi kutunga mtihani bila ya hilo.

Nikamwambia mpwa wangu: "Mwanangu, hii si kazi ya kompyuta. Hii ni kazi ya kuandika maagizo. Nipe mimi nisome, na wewe usinieleze kitu."

Maswali manne

Tulikaa usiku nne. Mimi nilikuwa yule mwalimu wa somo jengine. Nasoma maelezo ya zana, namwambia ninavyofahamu, yeye ananyamaza na kuandika nilipopotea. Mwisho tukaona kwamba maelezo mazuri lazima yajibu maswali manne: zana hii inafanya nini hasa, itumike lini, isitumike lini, na badala yake itumike ipi, na baada ya kutumika, nini kitakuwa kimebadilika na nini hakitaguswa.

Swali la tatu ndilo watu wanalolisahau. Fundi anaandika zana yake kama vile iko peke yake duniani. Lakini wakala anazitazama zote 23 kwa pamoja, na taabu yake kubwa ni kutofautisha mbili zinazofanana. Katika shule, zinazofanana ni nyingi: kumtoa mtoto kwenye basi, kumtoa kwenye darasa moja kwenda jengine, kumtoa kwenye mchezo wa alasiri, kumtoa mapema kwenda kwa daktari, kumtoa shuleni kabisa. Kwa Kiswahili zote ni "kumtoa". Mama hatakuchagulia neno. Anajua mwenyewe anachokusudia, na ana haki ya kufahamika.

Zana ya usafiri tukaigawa, na sehemu ya kwanza ikawa hivi:

"sitisha_basi_la_mwanafunzi. Husitisha huduma ya basi kwa mwanafunzi mmoja. Itumie mzazi anaposema mtoto hatapanda tena basi la shule, kwa siku kadhaa au moja kwa moja. Haigusi uandikishaji wake, darasa lake wala ada ya masomo. Usiitumie ikiwa mzazi anasema mtoto anahama shule. Hapo tumia andaa_ombi_la_kuhama. Inahitaji namba ya mwanafunzi na tarehe ya kuanza kusitisha. Mzazi asipotaja tarehe, muulize. Usikisie."

Na ile ondoa_mwanafunzi tukaifuta. Mahali pake ikaja hii:

"andaa_ombi_la_kuhama. Huandaa ombi la mwanafunzi kuhama shule na kulipeleka kwa msajili. Haifuti jina. Mwanafunzi hubaki kwenye rejista, na nafasi yake haifunguliwi, mpaka msajili azungumze na mzazi na kuthibitisha. Itumie tu mzazi anaposema wazi kwamba mtoto anaacha shule hii. Neno 'toa' au 'ondoa' peke yake halitoshi."

Tazama hata jina limebadilika. Mwanzo jina lilisema "ondoa", sasa linasema "andaa ombi". Jina ni sehemu ya maelezo, tena ndiyo ya mwanzo kusomwa.

Mpwa wangu alikuwa na hofu moja ya haki: maelezo yakirefuka sana, wakala anasoma yote kila mara, na gharama inapanda. Ni kweli. Nikamwambia urefu tunautafuta pale penye uwezekano wa kukosea tu. Zana ya kutazama orodha ya chakula cha mchana ilibaki na sentensi moja. Hakuna mtoto atakayepotea kwa kutazama orodha ya chakula. Tena zana nne tulizifuta moja kwa moja, kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi moja kwa majina tofauti. Zikabaki chache, kila moja na kazi yake.

Saa saba ni saa ngapi?

Baada ya hapo tukaingia kwenye nafasi za kujaza, na huku ndiko nilikoona kwamba familia zetu zina mambo ambayo fundi wa Marekani au India hawezi kuyawaza.

La kwanza ni saa. Mama akiandika "nitamchukua saa tano, ana miadi ya daktari wa meno", sisi sote tunajua ni saa tano asubuhi, ambayo wengine wanaiita kumi na moja. Lakini nafasi ya kujaza ilisema "saa ya kutoka" tu. Wakala anaweza kuandika 5:00, na karani Mhindi akasoma saa kumi na moja za jioni, wakati mama yuko getini anapiga honi na mtoto yuko darasani. Tukaandika: "Saa iwe katika mtindo wa saa 24, mfano 11:00. Mzazi akiandika kwa Kiswahili, huenda anahesabu saa za Kiswahili, ambapo saa tano asubuhi ni 11:00. Mrudishie mzazi saa kwa namna zote mbili athibitishe kabla ya kuandika."

La pili ni siku. Nafasi moja ilisema "mwisho wa wiki". Wiki ya nani? Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013; kabla ya hapo yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Serikali ya Emirati imehamia Jumamosi na Jumapili tangu 2022, na Ijumaa ni nusu siku. Na sisi katika lugha yetu Jumamosi ndiyo siku ya mosi, tunaanza kuhesabu kutoka hapo. Shule yenye matawi Maskati na Dubai itachanganyikiwa. Tarehe nazo hivyo hivyo: 03/04 kwa aliyesoma Uingereza ni tarehe tatu Aprili, kwa aliyesoma Marekani ni tarehe nne Machi. Tukaandika: mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, basi.

La tatu ni pesa. Rial ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo bei zetu zina tarakimu tatu baada ya nukta. Dirham ya Emirati ina fils 100, tarakimu mbili. Ukiona 150.500 kwenye risiti ya Maskati, ni rial mia na hamsini na nusu. Lakini kuna nchi ambazo nukta hutenganisha maelfu, na huko namba hiyo hiyo inasomeka laki moja na nusu na ziada. Zana ya kuandika malipo ya ada ilikuwa na nafasi inayoitwa "kiasi" tu. Tukaibadilisha ikawa kiasi_kwa_baisa, namba nzima isiyo na nukta. Rial 150 na baisa 500 inaandikwa 150500, hakuna pa kukosea.

La nne ni majina, na hapa wasomaji wangu mtanifahamu haraka. Katika shule moja tu ya hapa unaweza kukuta Fatma Salim wangapi? Mmoja kaandikwa Fatma, mwengine Fatima, mwengine Fatmah, na kwa Kiarabu wote ni jina moja. Mmoja anafuata jina la baba, babu na kabila kama ilivyo kwenye kitambulisho cha Oman. Mwengine kaja na pasi ya Tanzania au Kenya yenye majina matatu na kabila halimo. Zana ya kutafuta ilisema: "Hutafuta mwanafunzi kwa jina na kurudisha mwanafunzi." Ikiwapata wanne, inarudisha wa kwanza! Sasa inasema: inarudisha wote waliopatikana, pamoja na darasa la kila mmoja, wakiwa zaidi ya mmoja, usichague, muombe mzazi namba ya mwanafunzi au tarehe ya kuzaliwa. Nafasi ya kujaza katika zana nyengine zote ikawa namba_ya_mwanafunzi badala ya "mwanafunzi". Neno moja limeongezwa, na mlango wa makosa umefungwa.

Hata majibu ya makosa tuliyaandika upya. Zamani zana ikikwama ilirudisha "Kosa 400". Karani mgeni atafanya nini na hilo? Atajaribu tena, au atabuni. Sasa inarudisha: "Tarehe hii imepita. Muulize mzazi tarehe sahihi." Kosa nalo ni agizo, linamwambia msomaji afanye nini baada ya hapo.

Maneno si kufuli

Usiku wa tatu nilijiona nimekuwa hodari. Nikasema kila zana ya hatari tuandike kwa herufi kubwa: USITUMIE BILA YA IDHINI. Mpwa wangu akatikisa kichwa, na hapa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Mjomba," akasema, "agizo linaweza kusomwa vibaya, hata likiwa zuri. Lililo zito lisitegemee agizo."

Na kweli. Hata katika Model Context Protocol zana inaweza kuwekewa alama kwamba inasoma tu, au kwamba inaweza kuharibu, lakini kanuni yenyewe inasema alama hizo ni dokezo tu. Wakala husoma na kukadiria, na anayekadiria huweza kukosea. Kwa hiyo kile kisichorudishika, kama kufuta jina, kufungua nafasi ya mtoto, kutuma ujumbe kwa wazazi wote, au kubadilisha nani anaruhusiwa kumchukua mtoto getini, kiwekewe kufuli ndani ya programu. Wakala aweze kuandaa tu. Anayebonyeza cha mwisho awe mtu mwenye jina, tena jina hilo liandikwe.

Hilo la nani anamchukua mtoto tulilijadili sana. Zipo nyumba ambazo baba na mama wameachana na mahakama imeshaamua. Ujumbe mmoja tu, "kuanzia leo atachukuliwa na ami yake", unaweza kuwa wa kawaida au unaweza kuwa msiba. Hapo hata maelezo yawe mazuri vipi, simu ipigwe.

Tukajaribu

Usiku wa nne tukatunga jumbe 30 za wazazi, na dada yangu akatusaidia, kwa sababu yeye ndiye anayejua kina mama wanavyoandika. Kiswahili kimechanganywa na Kiarabu na Kiingereza, nukta hakuna, jina la mtoto halikutajwa. "Leo hatokuja ana homa." "Mtoto wangu hatokuja tena." "Mpeni ruhusa mapema kesho inshaallah."

Mpwa wangu akazipitisha kwa wakala kwenye nakala ya majaribio, siyo kwenye rejista ya kweli. Ujumbe wa basi safari hii ulikwenda mahali pake. Lakini "hatokuja tena" ukamshinda: mara ya kwanza akaandaa ombi la kuhama, mara ya pili akaandika mtoto hayupo leo. Tukamuuliza dada yangu yeye angefahamu vipi. Akasema, "Mie ningempigia mamake simu." Basi tukaandika hivyo kwenye maelezo ya zana zote mbili: ikiwa haieleweki kama ni leo au moja kwa moja, usitumie zana hii, muulize mzazi kwanza. Kuuliza si ujinga, na wakala naye lazima aruhusiwe kuuliza. Tukajaribu tena. Akauliza.

Jumbe zile 30 mpwa wangu amezihifadhi. Kila akibadilisha neno katika maelezo, anazipitisha zote upya, kwa sababu kurekebisha zana moja huweza kuivuta nyengine. Na kila mzazi akifahamika vibaya, ujumbe wake, bila ya jina, unaingia kwenye mkusanyo.

Wewe mzazi uulize nini

Najua wengi wenu mko Maskati, Dubai, Doha, Leicester au Toronto, na shule za watoto wenu zimeanza au zitaanza kutumia mawakala hawa. Mimi sisemi wakataliwe. Mama anayefanya kazi mpaka jioni anaweza kuandika saa nne usiku na akajibiwa, tena kwa lugha yake. Hiyo ni neema.

Lakini uliza maneno manne. Wakala huyu anaweza kubadilisha nini kwenye kumbukumbu za mwanangu, na kipi anakitazama tu? Yapi lazima yathibitishwe na mtu, na mtu huyo ni nani? Akikosea, mnaona wapi alichofanya, na mnakirudisha vipi? Na nikiandika kwa Kiswahili, mmemjaribu kwa Kiswahili? Kwa walioko Oman, kumbuka kwamba taarifa za mtu zina sheria yake, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 6 ya 2022, na mtoto wako ni mtu.

Nawe ukiandika, saidia kidogo. Taja jina kamili na namba ya mtoto. Taja tarehe, siyo "wiki ijayo". Taja saa na sema asubuhi au jioni. Soma jibu unalorudishiwa: yule mama alijibiwa "mwanafunzi ameondolewa kwenye orodha", akasema alhamdulillah akaweka simu. Simlaumu hata kidogo. Jibu lile nalo lilikuwa halisemi orodha gani. Sasa linasema.

Na walimu wenzangu mliostaafu, mnaokaa barazani mkidhani dunia hii mpya haina kazi yenu: kaeni na watoto wenu wanaotengeneza programu hizi. Waambieni wawasomee maagizo waliyoandika. Pale mtakapouliza "orodha gani?", mtakuwa mmemsaidia mtoto msiyemjua.

Yule msichana bado analetwa na baba yake. Mpwa wangu ananiambia kwamba kila asubuhi mwalimu akianza kuita majina, mtoto huweka kalamu chini na kusikiliza mpaka lake liitwe, ndipo anapofungua daftari.